Mistari Tisa ya Marehemu

Kwa aliyekosa ya wiki iliyopita, nitasema kwa kifupi kisha tuendelee. Mdogo wangu alikufa. Mimi nikakaa kwenye kiti chake.

Si kiti cha ukoo wala cha cheo. Ni kiti cha plastiki chenye mto, mbele ya kompyuta, katika chumba cha nyuma cha nyumba yake. Mdogo wangu, tuliyemwita Profesa tangu utotoni, alikuwa mtengeneza programu za kompyuta. Alifanya kazi akiwa nyumbani, kwa kampuni ambayo hakuna mtu wake hata mmoja aliyewahi kukutana naye ana kwa ana.

Mimi niliacha shule nikiwa na miaka kumi na minne. Nilikuwa fundi wa redio na televisheni. Figo za Profesa zilipoharibika na mikono ikaanza kutetemeka, nilikaa pembeni yake mwaka mzima. Yeye anasema, mimi nabonyeza. "Fungua mabano. Andika. Funga mabano. Kaka, umesahau kufunga tena." Shule yangu ya kompyuta ni hiyo. Cheti sina.

Siku tatu baada ya mazishi, kompyuta ililia. Ujumbe kutoka kazini: "Upo?"

Nikaandika: "Nipo."

Miaka mitatu sasa neno hilo halijaniachia.

Kampuni inadhani Profesa yu hai. Sauti zetu zinafanana, na kamera aliifunika mwenyewe kwa plasta ya kidonda siku uso wake ulipoanza kuvimba, akawaambia imeharibika. Mkewe, yaani shemeji yangu, anadhani kampuni inajua mumewe alikufa, ikanipa mimi nafasi yake kwa huruma, na bado inamkumbuka mjane kila mwezi. Kumbe ni mshahara mmoja wa marehemu, naukata vipande viwili. Shemeji huwaombea dua watu wale. Mimi huitikia amina.

Tuliishia hapo. Sasa ya Jumatatu ile.

Alipiga Mama Ratiba. Huyu ni msimamizi wetu. Jina hilo nimempa mimi, maana kwake hata kupiga chafya kuna siku yake na saa yake.

"Wateja wanalalamika," akasema. "Programu yetu inauliza maswali kama askari wa mpakani. Muuguzi anataka kumpa mtoto dawa, anaulizwa: una uhakika? Anabonyeza ndiyo. Anaulizwa tena: kweli kabisa?"

"Kwa hiyo wanataka nini?"

"Ipunguze mdomo. Toa maswali yote yasiyo na kazi. Alhamisi mchana toleo jipya linakwenda hospitalini."

Niwaeleze kazi yenyewe. Muuguzi anaandika umri wa mgonjwa na uzito wake, programu inamwambia kipimo cha dawa. Basi. Ndiyo tunayoitengeneza.

Jumanne mchana nikafungua programu, nikakuta maswali kumi na manne. Nikapekua kumbukumbu kuona lipi limewahi kumzuia mtu. Mengi yalikuwa porojo, nikayafuta. La mwisho lilikuwa na mistari tisa ya maagizo kwa kompyuta, kazi ya Profesa mwenyewe. Namjua. Wengine wakiacha nafasi moja, yeye huacha mbili, kama mtu anayepumua kabla ya kusema. Nikatafuta kama mistari hiyo imewahi kufanya kazi hata siku moja. Hakuna kitu. Kimya cha miaka mitatu.

Nikafuta.

Sasa naungama. Kanuni yetu ni kwamba ukifuta kitu unajaribu kwanza, kisha mwenzako anakagua. Niliandika: "Imejaribiwa." Sikujaribu. Hakuna aliyenikaba koo. Nilikuwa na njaa tu na chakula kilikuwa kinapoa.

Mkaguzi akajibu baada ya nusu dakika: "Ukisema wewe, mkuu, mimi nasaini nimefumba macho."

Akasaini. Hakuniamini mimi. Alimwamini maiti.

Jumatano saa nne asubuhi nilikuwa nimeshika kikombe cha chai. Mikono yote miwili. Nasisitiza hilo kwa sababu ya lililofuata.

Kioo cha kompyuta kikawaka kona ya juu: kuna mabadiliko mapya kwenye programu. Kila badiliko kwetu huandikwa kwenye daftari la kompyuta: nani kafanya, saa ngapi, kwa sababu gani. Nikafungua.

Mistari tisa imerudi.

Nani? Jina la Profesa. Saa ngapi? Saa nne kamili. Sababu? Maneno matatu.

"Kaka, hapa usiguse."

Chai ikanimwagikia mapajani. Sikuisikia.

Kazini hakuna anayejua kwamba Profesa ana kaka. Sijawahi kuwaambia. Ningewaambiaje, wakati kaka ndiye mimi na mimi ndiye Profesa? Mtu mzima nina mvi, nikainama nikachungulia chini ya meza.

Mtu mwingine yeyote angejua la kufanya. Unapiga simu ofisini, unasema kuna mtu anatumia jina langu. Nikashika simu. Nikaiweka chini. Jina langu lipi? Wangesema: vizuri, kwanza tuthibitishe kuwa ni wewe, washa kamera.

Mwizi hawezi kwenda polisi kusema kaibiwa alichoiba.

Nikafuta tena ile mistari.

Alhamisi, saa nne kamili. Imerudi.

"Kaka, hapa usiguse."

Mama Ratiba akapiga. "Mbona unatoa unarudisha, unatoa unarudisha? Unacheza bembea?"

"Nilikuwa najaribu mambo."

"Saa sita mchana nafunga toleo. Amua."

Nikakaa nikitazama ile saa. Nne kamili jana, nne kamili leo, sekunde haijapungua wala haijazidi. Hapo ufundi wangu wa zamani ukanizindua. Mzimu hauna saa ya mkononi. Kinachofika kwa sekunde ileile kila siku ni mashine.

Nikapekua yale mabadiliko yametoka kwenye intaneti ipi.

Yametoka kwenye nyumba hii hii niliyokaa.

Shemeji ni fundi cherehani, hufanyia kazi chumba cha mbele. Nilimkuta anapima gauni la mteja kwenye sanamu, pini tano mdomoni, futi ya kupimia shingoni.

"Shemeji, humu ndani kuna kompyuta nyingine?"

Akatoa pini moja moja. "Ya marehemu. Juu ya kabati langu."

"Inawaka?"

"Haijawahi kuzimwa."

"Nani alisema isizimwe?"

"Mwenyewe. Wiki ile ya mwisho. Alisema huu ndio mkono wangu utakaobaki. Akasema kaka akija kuiulizia, asome kwanza karatasi."

"Miaka mitatu, shemeji! Hukuniambia?"

"Miaka mitatu, shemeji. Hukuniuliza."

Sikuwa nimeingia chumba kile tangu siku tulipomtoa Profesa. Upande wake wa kitanda bado umetandikwa. Juu ya kabati palikuwa na kitu kimefungwa kwa shati lake la bluu, mikono ya shati imepigwa fundo kwa mbele, waya umeteremka nyuma hadi kwenye soketi. Nikaweka kiganja juu yake, nikakiondoa haraka.

Kilikuwa na joto. Joto la mgongo wa mtu aliyelala.

Nikafungua shati. Ilikuwa kompyuta yake ya zamani, kioo kimepasuka, feni yake inavuma taratibu. Chini yake karatasi iliyokunjwa mara nne, juu imeandikwa: "Kaka, soma kabla ya kuzima."

"Soma basi," shemeji akasema mlangoni.

"Nina saa moja tu, shemeji. Kazi inasubiri."

"Karatasi moja hiyo. Dakika mbili."

"Yule alikuwa ananiagiza akiwa hai. Aniagize na akiwa kaburini? Fungua mabano, funga mabano. Mimi si mtoto wake!"

Nikachomoa waya. Haikuzimika, betri ilikuwa bado na nguvu. Nikakandamiza kitufe, nikakishikilia. Moja, mbili, tatu, nne. Feni ikashusha pumzi ndefu. Ikanyamaza.

Shemeji akaja mpaka kwenye kabati.

"Umemzima," akasema.

"Nimezima kompyuta."

"Mimi nimelala na mvumo ule miaka mitatu. Nikiusikia najua nyumba ina mwanamume anayefanya kazi." Akaiokota karatasi, akaiingiza mfukoni mwa gauni lake. "Nenda kakae kwenye kiti chako."

Nilienda. Nikafuta ile mistari mara ya tatu. Saa sita Mama Ratiba akafunga. Programu ikaenda hospitalini.

Ijumaa saa nne kamili, nilikaa nimekodoa macho. Kikapita kitambo. Hakuna kitu. Nikacheka peke yangu, kicheko kibaya, kama mtu aliyemshinda mgonjwa mieleka.

Siku zile shemeji hakusema nami. Chai nilijipikia. Nikipita chumba cha mbele, cherehani inasimama mpaka nimalize kupita.

Jumatatu asubuhi akaingia bila kubisha. Akaweka karatasi juu ya vitufe vya kompyuta, pale vidole vyangu vilipokuwa.

"Mimi nimeshaisoma," akasema. "Kompyuta sizijui, kwa hiyo nusu sikuielewa. Nusu nyingine wewe ndiye utanielewesha."

Akatoka. Nikaikunjua. Mwandiko ulikuwa umepinda, wa mkono usiotulia. Naiandika hapa kama ilivyo, maana naijua kwa moyo na sitaki kuijua.

"Kaka. Mistari tisa usiguse. Mwaka wangu wa kwanza, muuguzi mmoja alisahau kuandika nukta. Mtoto mchanga wa kilo tatu nukta mbili akaandikwa kilo thelathini na mbili. Programu yangu ikampa kipimo cha mtu wa kilo thelathini na mbili, dawa mara kumi. Walisema kosa ni la muuguzi. Mimi najua ni la nani. Mtoto wa siku chache hawezi kuwa na kilo thelathini, na programu ilitakiwa ijue hivyo. Sasa inajua. Nukta ikisahaulika, inasimama, inamwambia muuguzi atazame tena. Haiandiki popote, kwa sababu sikutaka muuguzi aaibishwe mbele ya wakubwa wake. Kwa hiyo ukiona kimya, usidhani haina kazi. Kompyuta hii inaangalia kila siku saa nne. Wakiitoa, inairudisha."

Kisha, chini kabisa:

"Najua watakuuliza kama nipo. Kaka, usiwajibu kwa jina langu. Waambie nimekufa, na kwamba mwaka mzima mikono ilikuwa yako. Nimemwandikia msimamizi barua ya kukusifu, imo humu ndani ya kompyuta, utaituma wewe. Kazi unaiweza. Huhitaji kuwa mimi."

Nilisoma mstari huo wa mwisho mara nyingi. Miaka mitatu ulikuwa juu ya kabati, hatua ishirini kutoka nilipokaa. Miaka mitatu nimejificha ndani ya maiti, na mlango alikuwa ameniachia wazi.

Lakini hapakuwa na muda wa kujililia. Tangu Alhamisi saa sita, hospitali zote zinazotumia programu yetu hazikuwa na mtu wa kuuliza juu ya nukta. Mistari nilifuta mimi. Na mkono uliokuwa unairudisha, nikaukata mimi.

Nikairudisha. Safari hii nikajaribu. Nikaandika: mtoto, siku nne, kilo thelathini na mbili. Kioo kikasimama. Likatokea sanduku dogo la njano: "Tafadhali tazama nukta ya uzito." Sijawahi kuliona sanduku lile maishani. Alisema tafadhali. Hata kwenye kompyuta alikuwa na adabu kuliko mimi.

Nikaipeleka hospitalini papo hapo bila kungoja mkaguzi. Jina la Profesa lilikuwa na ruhusa hiyo. Ilikuwa saa nne na dakika ishirini.

Saa tano kasoro dakika kumi, simu ya kazi ikalia kwenye kompyuta.

"Upo?" Mama Ratiba. Sauti si yake.

"Nipo."

"Tuko wengi hapa. Kuna mkurugenzi. Kuna daktari wa hospitali moja, yuko wodini kwake. Jibu ninachokuuliza tu. Alhamisi ulitoa swali la uzito wa watoto?"

"Ndiyo."

"Uliandika imejaribiwa."

"Niliandika."

"Leo saa nne na dakika ishirini umelirudisha. Hukumwambia mtu. Hukungoja ukaguzi. Kwa nini?"

Nikaikunja tena karatasi.

"Hospitali imetupigia saa nne na nusu," akasema. "Dakika kumi baada ya wewe kurudisha. Naomba uniambie ulijuaje."

Mnaona nilivyokaa? Jambo moja la haki nililolifanya wiki nzima, ndilo lililonionyesha kama mtu anayefuta nyayo.

Sauti nyingine ikaingia, ya mwanaume aliyechoka. Ndiye daktari. "Mtoto ana siku tano. Jana aliandikiwa dawa. Kilo thelathini na nne. Nukta haikuwekwa. Muuguzi wangu analia, anasema siku zote mashine humkumbusha. Jana haikumkumbusha."

"Yuko hai?" nikauliza.

"Wenzangu wako naye ndani. Nasubiri."

Mkurugenzi akakohoa. Akaita jina la mdogo wangu, jina lake kamili, kama linavyoitwa mahakamani. "Miaka yote hii hatujakuona uso. Leo washa kamera."

"Imeharibika."

"Basi azima simu ya mtu. Hatutaendelea na sauti."

Nitawaambia kitu ambacho sijamwambia yeyote. Njia ilikuwepo. Niliiona yote, mwanzo hadi mwisho, kwa muda wa kufumba jicho. Nikate simu. Kesho niwapigie kwa jina langu la kweli, niseme mimi ni kaka yake, samahani, mdogo wangu amefariki. Lililofuta mistari ni jina lake. Lililoandika "imejaribiwa" ni jina lake. Maiti hashtakiwi. Kesi ingezikwa, na kaburi lilishachimbwa zamani.

Ningemuua mara ya pili tu. Na safari hii angekufa akiwa mtu aliyeua mtoto, yeye aliyekesha wiki yake ya mwisho duniani kwa ajili ya nukta.

Kidole kilikuwa tayari juu ya kitufe cha kukata.

"Shemeji."

Alikuwa mlangoni. Futi shingoni, mkasi mkononi. Sikuwa nimevaa hedifoni, sauti zao zilikuwa zimejaa chumba kizima.

Mkurugenzi akaita tena jina lile. "Unatusikia? Jibu!"

Uso wa shemeji ukageuka polepole kuelekea kompyuta, kama mtu aliyeitiwa mumewe barabarani.

"Wanamwita nani?" akauliza.

Nikaondoa kidole juu ya kitufe.

"Shemeji, nakuuliza. Watu hawa ninaowaombea kila mwezi. Kwa nini wanamwita kama mtu aliye hai?"

"Nani yuko hapo na wewe?" Mama Ratiba akasema.

Shemeji akaweka mkasi mezani taratibu. "Ile nusu ya karatasi," akasema. "Usiwajibu kwa jina langu. Ndiyo hii?"

Nikaitikia kwa kichwa.

Hakunipiga. Hakupiga kelele. Alisimama tu nyuma ya kiti, karibu sana, nikahisi joto lake mgongoni, na nikakumbuka lile joto nililolizima Alhamisi kwa mkono wangu.

Nikanyoosha ukucha juu ya kioo. Plasta ilikuwa imekauka, imeshika. Ilitoka vipande vipande, na gundi yake ikabaki kama kovu. Nikaifuta kwa kidole mpaka kijicho kile cha kamera kikatoka, cheusi. Nikabonyeza.

Taa ndogo ya kijani ikawaka. Nyuso nne zikatokea mbele yangu, ya nne yangu mwenyewe. Mama Ratiba ni mwanamke mdogo kuliko nilivyodhani. Alitazama mvi zangu. Akatazama tena.

"Wewe ni nani?"

Nikasema jina langu. Langu mwenyewe, kwa mara ya kwanza nikiwa kwenye kiti kile. "Mnayemwita ni mdogo wangu. Alikufa miaka mitatu iliyopita. Mistari ile aliiandika yeye. Aliyeifuta ni mimi."

Nyuma yangu shemeji alikuwa anapumua kwa mdomo.

Kwenye pembe ya kioo alipokuwa daktari, mlango ukafunguka nyuma yake. Muuguzi akaingia, macho mekundu, akainama, akamnong'oneza sikioni.

Daktari akavua miwani.

"Subirini," akasema. "Kuhusu mtoto."

Tuishie hapo. Alichosema, wiki ijayo.